Dakika Tatu za Mwisho: Mwongozo kwa Mzazi Aliyejikuta Kocha wa Hoki ya Watoto

Benchi la timu ya hoki ya barafuni lina milango miwili midogo. Mmoja wanatokea mabeki, mwingine washambuliaji, na kila mlango unahitaji mtu mzima wa kuufungua na kuufunga. Ndiko ukocha wangu ulikoanzia. Kuteleza nilikuwa sijui, ila komeo nililijua. Mwanangu alikuwa na miaka tisa, tulikuwa tunamaliza mwaka wa tatu hapa Alberta, na timu ilikosa wazazi wa kujitolea.

Mlangoni unaona yasiyoonekana jukwaani. Watoto hukaa kwa foleni na kusogea kuelekea mlangoni kadiri zamu zao zinavyokaribia. Jioni moja ya Februari tulikuwa 3-3, zimebaki dakika tatu, na kijana mmoja mfupi alikuwa amefika mbele kabisa, gongo mkononi. Kocha mkuu akanitikisia kichwa: huyo, hapana. Nikapitisha mwingine. Zamu iliyofuata nikapitisha mwingine tena. Mara ya tatu kijana hakunyanyua hata macho. Alivua glavu, akaanza kubandua utepe wa gongo lake polepole, kama mtu anayemenya chungwa asilokuwa na hamu nalo. Tulishinda 4-3. Nani alifunga la nne, sikumbuki.

Baadaye nilisomea ukocha nikapewa timu yangu, na hapo nikatambua kwamba kumlaumu yule kocha mkuu ilikuwa kazi rahisi mno. Ukiwa wewe ndiye mwamuzi wa nani aingie, ubao unasoma 3-3 na wazazi wamebandika nyuso kwenye kioo, mkono wako unakwenda wenyewe kwa mtoto mwenye kasi. Kwa hiyo uamuzi wa dakika tatu za mwisho ufanye Septemba, kwa kalamu, kabla ubao wa mabao haujawashwa. Sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu namna ya kufanya hivyo.

Nakuandikia wewe uliyetoka Kigoma, Bukavu, Mombasa au Bujumbura, ukajikuta Kanada au Marekani na filimbi shingoni. Ukiwa Nairobi, kwenye uwanja mdogo wa hoteli ya Panari ambako timu ya hoki ya Ice Lions imejifunzia, hesabu za humu zitakufaa pia.

Maneno kidogo kabla hatujaingia barafuni

Kile kitu cheusi cha mpira mgumu, chenye uzito wa gramu 170 hivi, nitakiita kisahani. Watoto wadogo kabisa hupewa cha buluu, chepesi zaidi. Viatu nitaviita viatu vya barafu. Bibi yake mwanangu, aliye Tanga, alipoambiwa kwa simu kwamba mjukuu wake amenunuliwa "sketi" alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa upole kama huko Kanada ndivyo wavulana wanavyovaa. Tangu siku hiyo neno hilo halitumiki nyumbani kwetu.

Zamu ni muda ambao kundi moja linakaa uwanjani kabla ya kubadilishwa, kwa watoto kati ya sekunde 45 na dakika moja.

Kwa nini ushindi na makuzi hugombana

Katika umri wa miaka tisa au kumi, njia fupi ya kushinda inajulikana na inafanya kazi. Mpe kisahani mtoto mkubwa kuliko wote, wengine wamkimbilie nyuma. Mabeki waambie wakigonge ukutani kitoke, wasijaribu pasi. Golini muweke yule yule kila wiki. Anayeyumba barafuni asugue benchi mambo yanapokaza. Ukifanya haya manne utapanda juu ya msimamo wa ligi kufikia Krismasi.

Sasa msogeze mtoto yule yule hadi miaka kumi na nne. Mkubwa wa jana amefikiwa kimo na wenzake, na hana pasi wala chenga kwa sababu hakuwahi kuzihitaji. Beki aliyefundishwa kugonga ukutani hajui kunyanyua kichwa. Aliyekuwa anasugua benchi hayupo tena, amehamia mpira wa kikapu au simu.

Halafu kuna suala la mwezi wa kuzaliwa, ambalo kila kocha wa Kanada anapaswa kulijua kama anavyojua jina lake. Watoto hugawanywa kwa mwaka, na mwaka unaanza Januari 1. Aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Desemba wanacheza kundi moja, na katika umri wa miaka minane tofauti hiyo ya miezi kumi na moja ni kubwa: ni kimo, ni nguvu ya mapaja, ni kuelewa maelekezo. Mwaka 1985 mwanasaikolojia Roger Barnsley na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba timu za juu za hoki zimejaa waliozaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka. Vipaji haviteremki kutoka mbinguni Januari peke yake. Makocha walimwona mkubwa wakamwita bora, wakampa zamu nyingi, na zamu nyingi zikamfanya awe bora kweli.

Ukitaka mfano wa kumwonyesha mzazi mbishi, mtaje Martin St. Louis. Alikuwa mfupi, na hakuna timu ya ligi kuu ya NHL iliyomchagua katika uteuzi wa vijana. Mwaka 2004 alitwaa Kombe la Stanley na Tampa Bay Lightning, na msimu huo huo akawa mchezaji bora wa ligi nzima. Kinachonifurahisha mimi zaidi ni cha baadaye: Februari 2022 Montreal Canadiens walipomfanya kocha mkuu, uzoefu wake wa ukocha ulikuwa hasa wa timu za watoto, wakiwemo wanawe. Alitokea huku huku tuliko.

Lakini usinielewe vibaya. Sisemi kushinda hakuna maana. Watoto wanataka kushinda, na wanahesabu mabao hata pale ubao umezimwa. Kuwaambia matokeo si kitu ni kuwadanganya, nao wanajua. Ninachosema ni kwamba kazi hizi mbili zina wenyewe. Kutaka kushinda ni kazi ya watoto, na wameiweza. Yako ni kuwakuza. Mambo huharibika pale kocha anapowanyang'anya watoto kazi yao na kuiacha yake bila mtu.

Umri unasema nini

Hadi mwaka 2020 makundi ya shirikisho la Hockey Canada yalikuwa na majina kama Atom na Peewee, na wazazi wakongwe bado wanayatumia. Leo ni herufi na namba. Uzito ninaoupa ushindi katika kila kundi ni huu, na ni maoni yangu:

- U7 (miaka 5–6) na U9 (7–8): hakuna. Uwanja hugawanywa vipande, na hakuna sababu ya wewe kujua matokeo. Kipa abadilishwe kwa zamu.
- U11 (9–10): watoto wacheze kushinda, kocha azungushe zamu sawa bila kupepesa. Hapa ndipo makocha wengi huteleza, maana kwa mara ya kwanza kuna uwanja mzima, refa na msimamo wa ligi.
- U13 (11–12): mbinu zinaanza. Zamu sawa kwa mechi za kawaida. Mwisho wa mechi za mtoano unaweza kuchagua, kwa mipaka nitakayoieleza.
- U15 na U18: kugongana kwa mwili huanza kuruhusiwa kwenye ngazi fulani za U15. Muda wa kucheza unaweza kupiganiwa mazoezini, mradi kila mmoja ajue anaupataje.

Usidhani haya ni mawazo ya mtu mmoja mwenye huruma. Norwei, nchi inayochuma medali nyingi za michezo ya baridi kupita ukubwa wake, hairuhusu msimamo wa ligi kwa watoto walio chini ya miaka 11. Marekani, tangu ilipoanza mpango wake mpya wa kukuza wachezaji mwaka 2009, ilifuta hata ubingwa wa kitaifa wa walio chini ya miaka 12. Hockey Canada iliondoa kugongana kwa mwili katika umri wa Peewee, yaani U13 ya leo, mwaka 2013. Wote hao wanapenda kushinda.

Kabla ya msimu: hatua nne za Septemba

1. Timiza masharti. Ukaguzi wa polisi, mafunzo ya Respect in Sport, kozi ya ukocha ya ngazi yako. Muulize msajili wa chama chenu mapema, kwa sababu foleni ya polisi huwa ndefu vuli. Ukiingia barafuni, vaa kofia ngumu. Ni sharti, tena ukianguka mbele ya watoto kumi na tano utashukuru.

2. Soma kanuni ya chama chenu kuhusu muda wa kucheza. Vyama vingi vinayo, na makocha wengi hawajawahi kuifungua.

3. Andika kanuni yako ya zamu kwa sentensi zisizozidi tano. Mfano uko kwenye sanduku hapa chini. Iandike wewe mwenyewe, isionekane imenakiliwa.

4. Isome mbele ya wazazi na watoto pamoja, kabla ya mechi ya kwanza. Kuwapo kwa watoto ndiyo siri. Mtoto aliyesikia ahadi kwa masikio yake atakukumbusha mlangoni, na utaona haya kuivunja.

> SANDUKU: Kanuni ya zamu ya timu ya U11
>
> Tuna makundi matatu ya washambuliaji na jozi tatu za mabeki. Yanafuatana kwa zamu kuanzia filimbi ya kwanza hadi ya mwisho, hata tukiwa sare, hata ikiwa fainali. Mchezaji wa wapinzani akitolewa uwanjani kwa adhabu, linaingia kundi ambalo zamu yake imefika. Makipa wawili wanapokezana mechi. Mtoto atakosa zamu kwa mambo matatu tu: ameumia, anaumwa, au amefanya utovu wa nidhamu, na hilo la tatu nitamweleza yeye na mzazi wake siku hiyo hiyo.

Zingatia ile sentensi ya mwisho. Kanuni isiyotaja dharura huvunjwa wiki ya pili, na ikivunjwa mara moja imekufa.

Sasa hesabu inayoituliza roho. Una washambuliaji tisa na mabeki sita, zamu ni dakika moja moja, makundi matatu. Dakika tatu za mwisho ni zamu tatu. Kila kundi lina zamu moja, imekwisha. Yule mtoto unayemwogopa atakuwa uwanjani dakika moja, pamoja na wenzake wanne na kipa. Kumruka unapata dakika moja tu, na kwa dakika hiyo unamlipa mtoto kumbukumbu ya miaka.

Kwa U13 na kuendelea, ukitaka haki ya kuchagua mwisho wa mechi za mtoano, iandike Septemba na uiwekee kikomo. Changu kilikuwa hiki: hakuna mtoto atakayerukwa zaidi ya zamu moja kwa mechi, na hakuna atakayerukwa mechi mbili mfululizo. Daftari la zamu alilishika mzazi mmoja ambaye si rafiki yangu. Usimpe rafiki.

Mazoezi: hapa ndipo ushindi unapotengenezwa

Makocha wengi wapya wanalilia mechi zaidi. Fanya hesabu nami. Mechi ina dakika 45 za mchezo na una watoto 15 wa uwanjani, watano kwa wakati mmoja. Kila mtoto anapata dakika 15. Kisahani ni kimoja na wanaokigombea ni kumi, ukihesabu pande zote mbili. Hata kama kingegawanywa kwa haki kama sahani ya pilau, kila mtoto angekuwa nacho dakika moja na nusu. Na hakigawanywi kwa haki. Aliye dhaifu atatoka mechi akiwa amekigusa sekunde chache.

Kwa hiyo saa moja ya mazoezi ina thamani kuliko mechi, mradi usiipoteze kwenye foleni. Foleni ndiyo adui. Watoto 15 kwenye mstari mmoja, zoezi la sekunde 15: mtoto akimaliza, anasubiri dakika tatu na nusu mpaka zamu irudi. Katika dakika nane atafanya mara mbili. Wagawe katika vituo vitano vya watoto watatu, na katika dakika zile zile nane atafanya mara kumi. Barafu ni ile ile na bei ya kuikodi ni ile ile.

Saa yangu ya mazoezi huenda hivi:

1. Dakika 5: kuteleza huru, kila mtoto na kisahani chake. Hakuna maelezo.
2. Dakika 40: vituo vitano, dakika nane kila kimoja. Kituo cha kugeuka na kusimama. Cha pasi kwa upande wa nyuma wa gongo. Cha chenga kati ya koni. Cha kuwania kisahani ukutani, wawili kwa kisahani kimoja, wa tatu akisubiri mshindi. Cha mashuti, na kipa yuko hapo akipata mafunzo yake, siyo kusimama kama nguzo.
3. Dakika 12: mechi ndogo, watatu kwa watatu, kwenye eneo finyu. Hapa wahesabu mabao, wapige kelele, wabishane. Hapa ndipo kushinda kunapofundishwa.
4. Dakika 3: kuokota visahani. Wote, pamoja na wewe.

Maelezo yafanye kwenye chumba cha kubadilishia nguo, kwa ubao mdogo, kabla ya kutoka. Ukiwa barafuni ukajikuta unaongea zaidi ya sekunde thelathini, funga mdomo. Na usihofu lafudhi yako. Watoto wa miaka tisa husikia filimbi na huangalia mkono unaonyesha wapi.

Hiyo mechi ndogo ya watatu kwa watatu nataka niikazie. Inatoa jibu kwa wanaodhani kukuza ni kulea kwa mbeleko. Eneo likiwa finyu, mtoto hana nafasi ya kukimbia peke yake, analazimika kunyanyua kichwa na kutafuta mwenzake. Anapoteza kisahani, anakipigania, anakipata, yote ndani ya sekunde kumi. Weka kanuni ndogo zinazolazimisha ujuzi: bao halihesabiwi bila pasi, au anayefunga anabadilisha timu. Hiyo ya pili huzua kesi za kuchekesha, ila timu hazilemei upande mmoja.

Siku ya mechi

Makundi yasawazishe. Kishawishi ni kuweka watatu wakali pamoja, kundi la kwanza, halafu "waliobaki". Kwa U11 changanya: katika kila kundi mmoja anayeweza kubeba kisahani, mmoja anayejua kukaba, mmoja anayejifunza. Wape majina ya rangi, yasiwe namba. Mtoto aliye kundi la tatu anajua tatu maana yake nini.

Nafasi zibadilishe kila baada ya mechi nne au tano. Beki aliyewahi kucheza mbele anajua mshambuliaji anataka pasi wapi. Utapoteza bao moja au mawili kwa sababu hiyo. Sawa.

Kabla ya mechi wape jambo moja tu la kufanya, linaloweza kuhesabika. Kwa mfano: "Leo tunatoka eneo letu kwa pasi." Mpe mzazi mmoja kalamu na karatasi jukwaani. Kila mkitoka eneo lenu kwa pasi safi anaweka alama. Mkikigonga tu kitoke, haweki. Mwisho wa kila kipindi watangazie idadi. Utashangaa watoto waliofungwa 5-1 wakishangilia kumi na mbili zao. Mambo matatu yanatosha msimu mzima: kutoka kwa pasi, kushinda kisahani kilicho ukutani, na kurudi kukaba kabla mpinzani hajafika mbele ya goli.

Mkiwa mbele kwa mabao sita. Ni hali ngumu kuliko kufungwa, na inaonyesha kocha ni wa aina gani. Usipige kelele "msifunge tena!" Watoto wa upande wa pili wana masikio, na kuchezewa kwa huruma kunauma kuliko bao la saba. Wanong'oneze benchini: kuanzia sasa pasi tatu kabla ya shuti, na mabeki na washambuliaji wabadilishane nafasi. Wanaendelea kucheza kwa nguvu, wanajifunza kitu, na mabao yanapungua yenyewe.

Mkiwa nyuma kwa mabao sita. Futa ubao kichwani mwao. Anza "mechi mpya" ya kipindi kilichobaki, 0-0, na kazi moja ya kuhesabu. Usimbadilishe kipa kwa hasira, hata kama amefungwa mabao ya kizembe. Kipa anayetolewa katikati ya mechi hutoka golini hadi benchini peke yake, kila mtu akimwangalia.

Kosa la mtoto. Akirudi benchini baada ya kupoteza kisahani kilichozaa bao, usimwambie kitu kwa nusu dakika. Anajua. Mpe maji. Kisha muulize: "Uliona nini?" Mara nyingi atakueleza mwenyewe alichopaswa kufanya. Akikosa jibu, mchoree ubaoni. Zamu yake ikifika, aingie. Kumtoa mtoto kwa kosa la kujaribu pasi ni kuwafundisha kumi na wanne wengine kwamba hapa hatujaribu.

Kamati ya ufundi ya jukwaani

Wazazi ni watu wema wanaoamka saa kumi na moja alfajiri ya Jumamosi, nje ikiwa nyuzi ishirini chini ya sifuri, na wamelipa pesa nyingi. Wavumilie. Lakini weka kanuni mbili. Ya kwanza: malalamiko kuhusu mechi husikilizwa baada ya saa 24, kamwe si kwenye korido. Ya pili: maelekezo wakati wa mechi hutoka benchini tu. Jukwaani ni kushangilia.

Atakuja mzazi mwenye mtoto mkali kukuuliza kwa nini mwanawe anapata dakika sawa na "wale". Usimhutubie. Mwonyeshe kanuni aliyoisikia Septemba, halafu mwambie unachomfanyia mtoto wake: umempa nafasi gani mpya, zoezi gani gumu zaidi. Mtoto hodari naye ana haki ya kukuzwa, na makocha wa zamu sawa husahau hilo kila wakati. Kosa hilo nimelifanya msimu mzima. Nilikuwa na msichana mmoja aliyekuwa akiwapita wote, nikamwacha awapite tu, mazoezi baada ya mazoezi, nikijisifu kwamba sina upendeleo. Machi alikuwa vile vile alivyokuwa Oktoba. Siku hizi yule anayemaliza zoezi kirahisi nampa lile lile akitumia upande wa nyuma wa gongo, au dhidi ya wawili.

> SANDUKU: Makosa ninayoyaona kila msimu
>
> - Zamu sawa katika mechi rahisi, benchi linafupishwa katika mechi ngumu. Watoto huisoma hiyo kufikia Novemba.
> - Mtoto wa kocha kuwa nahodha, kupiga kila adhabu na kukaa uwanjani zamu mbili. Kama mwanao yuko timuni, mwombe kocha msaidizi ndiye asimamie zamu zake.
> - Kufundisha mbinu za televisheni kwa watoto ambao hawajui kusimama upande wa kushoto.
> - Kusema "kukuza" kama kisingizio cha mazoezi yasiyopangwa. Timu inayofungwa kila wiki na haijifunzi chochote haikuzwi.
> - Kuacha mtoto awe kipa wa kudumu akiwa na miaka saba kwa kuwa alijitolea mara moja.
> - Kuingia mashindano mengi ya wikiendi na kufuta mazoezi ili kuyapisha.

Orodha ya kukagua kila mwisho wa mwezi

Jibu mwenyewe, usiku, bila mtu kukuangalia:

- [ ] Je, kila mtoto amecheza mwisho wa mechi ya karibu angalau mara moja?
- [ ] Naweza kutaja jambo moja ambalo kila mtoto analiweza leo na hakuliweza mwezi uliopita?
- [ ] Mazoezini, foleni ndefu kuliko zote ilikuwa na watoto wangapi? (Zaidi ya wanne, panga upya.)
- [ ] Je, yupo ambaye ameanza kuchelewa, kuumwa tumbo kabla ya mechi, au kusahau glavu?
- [ ] Watoto wangu wawili walio hodari wamepewa changamoto gani mpya?
- [ ] Je, kuna mtu ninayemruka?

Lile la nne lisome mara mbili. Mtoto wa miaka kumi hasemi "nataka kuacha". Husahau glavu.

Machi, viatu vinapofunguliwa

Msimu ukiisha, kazi yako haijaisha. Vuli inayofuata kutakuwa na majaribio, na watoto wako watapangwa na watu wanaowaona kwa saa mbili tatu tu, wengi wakiwa na macho yale yale ya kumwona mkubwa na kumwita bora. Andika kwa kila mtoto karatasi ya mistari mitatu: alichokiweza msimu huu, cha kufanyia kazi kiangazi, na mwezi aliozaliwa. Mpe mzazi nakala, na nyingine mwachie mratibu wa chama kwa ajili ya kocha ajaye.

Kisha muulize kila mtoto kama anataka kurudi. Usimuulize mzazi. Muulize yeye, siku ya mwisho, akiwa ameinama anafungua kamba za viatu vya barafu na hawezi kukuangalia usoni. Wengi hapo husema ukweli, na wakisita, usiwajazie jibu.